Fanani Katika Nuru Yake: Lenzi Ipi Imfae Mtafiti wa Fasihi Simulizi?

Mjadala kuhusu vifaa vya utafiti nyanjani katika fasihi simulizi umetawaliwa kwa muda mrefu na kinasa sauti. Jambo hili si la kushangaza, kwani fasihi simulizi ni sanaa ya sauti kabla ya kuwa sanaa ya kitu kingine chochote. Mwanafunzi anayejiandaa kwenda nyanjani hufunzwa namna ya kuiweka maikrofoni, namna ya kunukuu alichokisikia na namna ya kukifasiri. Kuhusu kamera, aghalabu huambiwa tu asisahau kuibeba. Matokeo yake huonekana katika viambatisho vya tasnifu: sura ya bibi mtambaji iliyopauka kana kwamba imepakwa unga, macho yaliyofumba kwa mwako wa flashi, na nyuma yake giza totoro lililowameza wajukuu waliokuwa wakimwitikia. Mtu aliyechambuliwa kwa kurasa mia mbili kama msanii hutokea katika picha kama mtu aliyemulikwa tochi na askari wa doria.

Kosa hili halitokani na uhaba wa kamera. Kamera zipo, na simu zenye kamera zimejaa kila mkoba. Kosa linatokana na lenzi, na zaidi ya lenzi, linatokana na dhana kwamba picha ya fanani ni ushahidi tu kuwa mtafiti alifika. Makala haya yanashikilia kwamba mtafiti wa fasihi simulizi, na idara inayomtuma, wanapaswa kuchagua lenzi moja ya tundu pana inayolengwa kwa mkono, hata iwe kuukuu, na kuiacha flashi nyumbani. Aidha, yanashikilia kwamba sababu za kuichagua lenzi hiyo si zile zinazotajwa na wauzaji.

Kwanza, ni muhimu kueleza tundu pana ni nini. Kila lenzi ina tundu ndani yake linalopitisha nuru, na tundu hilo hupanuliwa na kufinywa mithili ya mboni ya jicho la paka. Upana wake huandikwa kwa namba ya f, ambayo ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 iliyoandikwa f/1.4 ina tundu la kipenyo cha takriban milimita 36. Lenzi ya urefu uo huo ikifinywa hadi f/5.6 tundu lake halizidi milimita 9. Kwa hivyo namba ikiwa ndogo, tundu huwa kubwa, jambo linalowatatiza wanafunzi wengi mwanzoni. Nuru inayopita hufuata eneo la tundu wala si kipenyo chake, ndiposa tofauti kati ya f/1.4 na f/5.6 si mara nne bali ni mara kumi na sita.

Mara kumi na sita hizo zina maana gani katika chumba chenye taa moja ya chemli? Tuseme kamera imewekwa ISO 3200 na lenzi ni f/1.4, na nuru iliyopo inaruhusu shata kufunguka kwa sehemu moja ya sitini ya sekunde. Mtambaji akitulia kidogo, picha itatoka. Sasa lenzi hiyo iondolewe na mahali pake itiwe ile lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei nafuu. Ikivutwa hadi mwisho, tundu lake pana kabisa ni f/5.6. Kwa nuru ile ile, shata italazimika kukaa wazi kwa takriban robo ya sekunde. Katika robo ya sekunde mtambaji hodari huwa amekwisha kugeuza shingo, ameinua kidole na kubadilisha sauti kutoka ya sungura hadi ya fisi. Kinachobaki katika picha ni utusitusi. Mtafiti akiona hivyo hukimbilia flashi, na hapo ndipo nuru ya fanani inapouawa.

Nuru ya fanani si pambo. Wanafunzi wa Kiswahili wanafunzwa tangu mwaka wa kwanza kuwa ngano katika jamii nyingi hutambwa usiku, baada ya kazi, na kwamba muktadha ni sehemu ya kazi yenyewe. Iwapo muktadha ni sehemu ya kazi, basi moto wa jikoni, koroboi, taa ya sola iliyoning'inizwa darini au mataa ya rangi katika sherehe ya harusi ya pwani ni sehemu ya kazi pia. Flashi hufuta yote hayo kwa mpigo mmoja na kuleta nuru ya kigeni isiyokuwapo wakati ngano ilipokuwa ikitambwa. Isitoshe, huikatiza hadhira. Hakuna mtafiti ambaye angethubutu kupuliza filimbi katikati ya utendi ili kinasa sauti chake kifanye kazi vizuri. Ila wapo wanaowasha flashi mara thelathini katika usiku mmoja na wasione tatizo lolote.

Wauzaji wa lenzi, hata hivyo, huyasifu matundu mapana kwa sababu nyingine. Wanachokiuza ni ukungu: mandhari ya nyuma iliyoyeyuka na kuwa madoa laini ya rangi, uso ukaelea peke yake kama mwezi. Mtindo huu umependwa mno hata simu nyingi za kisasa huuigiza kwa hesabu za programu. Kwa picha ya arusi au ya tangazo la manukato, haidhuru. Kwa fasihi simulizi, mtindo huu ni kinyume cha taaluma yenyewe. Fanani asiye na hadhira si fanani. Mtafiti anayeandika sura nzima ya tasnifu kuhusu uhusiano wa fanani na hadhira, kisha katika picha akaiyeyusha hadhira hiyo ili iwe pambo la nyuma, amejikanusha mwenyewe. Ndiyo maana kauli ya msingi hapa ni kwamba tundu pana latakiwa kwa ajili ya nuru, wala si kwa ajili ya ukungu. Nuru ikitosha, tundu lifinywe hadi f/2.8 au f/4, wajukuu waonekane.

Kauli hiyo ikikubaliwa, swali la namba hutatuka kwa urahisi zaidi kuliko wanavyodhani wengi. Zipo lenzi za f/1.2 na hata za f/0.95, na wanunuzi huzizungumzia kwa sauti ya chini kama watu wanaotaja majina ya majini. Lakini f/1.2 hupitisha nuru takriban theluthi moja tu zaidi ya f/1.4. Nayo f/0.95 hupitisha zaidi kidogo ya mara mbili, faida ambayo kamera ya leo huipata kwa kupandishwa kutoka ISO 1600 hadi ISO 3200. Kinachopotea ni kikubwa kuliko kinachopatikana. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/1.4 kwenye kamera yenye kihisi kidogo cha aina ya APS-C, na mhusika akiwa mita moja na nusu mbele, eneo linaloonekana kwa ukali ni la kina cha sentimita 5 hivi. Kina hicho hakitoshi kutoka ncha ya pua hadi sikio. Kwa f/0.95 hupungua hadi kama sentimita 3 na ushei. Mtambaji akivuta pumzi tu, jicho limetoka katika ukali.

Mfano maarufu wa gharama hii unatoka katika sinema. Stanley Kubrick alipotengeneza filamu ya Barry Lyndon, iliyotoka mwaka wa 1975, alitaka baadhi ya mandhari ya karne ya 18 yapigwe kwa nuru ya mishumaa pekee. Alipata lenzi za Zeiss Planar za milimita 50 zenye tundu la f/0.7, ambazo asili yake zilitengenezwa kwa ajili ya shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Zilitengenezwa kumi tu, naye akanunua tatu. Picha zilizopatikana ni za ajabu, na mpigapicha wake John Alcott alituzwa Oscar. Hata hivyo, tazama jinsi watu walivyokaa katika mandhari hayo: wametulia karibu kama sanamu, kwa sababu kina cha ukali kilikuwa chembamba mno na mtu akiinama mbele angepotea. Mwelekezi wa filamu ana uwezo wa kuwaamrisha waigizaji watulie. Mtafiti hana ruhusa ya kumwambia mzee anayetongoa utenzi asitikise kichwa. Akimwambia hivyo, keshauharibu utafiti.

Kinyume cha mfano huo ni picha ambayo huenda ndiyo picha ya uso inayojulikana zaidi duniani katika nusu karne hii. Mwaka wa 1984, katika kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, Pakistani, Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Picha ilitokea kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985. Lenzi aliyoitumia ilikuwa Nikkor ya milimita 105, f/2.5, inayolengwa kwa mkono. Mfanyabiashara wa leo asingeiita lenzi hiyo ya tundu pana hata kidogo. Ilitosha kwa sababu nuru ya mchana ilikuwapo, na kwa sababu mpigapicha alijua jicho lipi alilenge. Mfano huu utarejelewa baadaye kwa sababu nyingine isiyokuwa ya sifa.

Kuhusu urefu wa fokasi, maneno machache yatatosha. Umbali kati ya kamera na uso ndio unaoamua sura itaonekanaje: ukimkaribia mtu kwa sentimita arobaini, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Mita moja na nusu hadi mbili humpa mtu sura yake anayojulikana nayo nyumbani, na pia humwachia nafasi ya heshima. Kwenye kihisi kikubwa, lenzi ya milimita 85 huufaa umbali huo. Kwenye kihisi kidogo, ambacho ndicho wanafunzi wengi wanacho, lenzi ya milimita 50 hufanya kazi ya milimita 75 hivi, na ndiyo chaguo la busara. Milimita 85 kwenye kihisi kidogo huwa kama 128, na katika chumba cha upana wa mita tatu mtafiti atajikuta amebanwa ukutani akipiga picha ya kidevu.

Sasa, kwa nini kulenga kwa mkono? Hapa mpinzani ana hoja nzito na haifai kupuuzwa. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani hulitambua jicho la mtu na kulifuata zenyewe, na hufanya hivyo vizuri kuliko mikono mingi. Mwenye uwezo wa kununua kamera ya namna hiyo pamoja na lenzi yake ya f/1.8 na anunue. Hakuna wa kumlaumu. Sababu ya kwanza ya kutetea mkono, basi, ni ya kifedha bila kificho. Lenzi za milimita 50 za f/1.4 na f/1.8 zilitengenezwa kwa wingi mno na Nikon, Canon, Pentax, Minolta na wengineo katika miaka ya 1960, 1970 na 1980, na bado zinauzwa mitumba kwa bei iliyo sehemu ndogo ya bei ya lenzi mpya. Helios 44 ya Kisovieti, milimita 58 na f/2, iliyotokana na muundo wa Biotar wa Kijerumani, ni mojawapo ya lenzi zilizoenea sana duniani. Kampuni za Kichina kama vile 7Artisans na TTArtisan nazo hutengeneza lenzi mpya za mkono zenye tundu la f/1.4 na f/1.2 kwa bei ya chini.

Sababu ya pili ni ya kitaaluma, na ndiyo inayostahili kuwavutia wasomaji wa jarida la Kiswahili. Mashine inayofuata jicho hufuata mwili, haijui kinachosemwa. Anayelenga kwa mkono hana budi kukisia mwili utakuwa wapi baada ya muda mfupi ujao, na hakuna mpigapicha aliye na nyenzo bora za kukisia hivyo kuliko mwanafunzi wa ushairi. Mtongoaji wa utenzi huenda na mizani minane katika kila kipande. Kichwa chake hakiyumbi ovyo. Huyumba na mapigo, na mwishoni mwa ubeti, kina cha bahari kinapotua, hurudi mahali pamoja kuvuta pumzi. Mwimbaji akifika kwenye kibwagizo huwaachia wenzake waitikie, naye kwa muda wa pumzi mbili huwatazama hadhira kwa macho yaliyo wazi na uso uliotulia. Mtambaji ana fomula yake ya kufungulia, na kila mara wimbo uliomo ndani ya ngano unaporudi, mikono yake hurudi pale pale. Mtafiti anayejua haya hulenga mapema mahali ambapo uso utarejea, kisha husubiri. Hana haja ya kufukuza. Mtu aliyesomea arudhi kwa miaka mitatu akinunua mashine ya kumsaidia kukisia kituo, ni kama manju anayemwajiri mtu wa kumwesabia mapigo ya ngoma.

Hapana shaka kwamba kulenga kwa mkono kuna adha zake, na ni bora zitajwe. Lenzi kuukuu ina pete pana inayozunguka karibu nusu duara, na umbali umechorwa juu yake kwa mita na futi. Hii ni neema, kwani mtu anaweza kupima umbali hata kabla kamera haijafika jichoni. Lakini kioo cha kuangalizia katika kamera nyingi za kidijitali zenye kioo cha ndani hakikutengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. Hakionyeshi wembamba halisi wa ukali unaoletwa na f/1.4, huonyesha kana kwamba tundu ni f/2.5 au zaidi, na hivyo mtu hudhani amelenga barabara ilhali sivyo. Katika kamera hizo inafaa kutumia skrini ya nyuma na kuikuza picha mara tano au kumi. Kamera zisizo na kioo cha ndani zina nafuu kubwa, kwa vile hukuza picha ndani ya kitazamio chenyewe na nyingi huweza kuchora ukingo wa rangi mahali palipolengwa. Vilevile hupokea karibu lenzi zote kuukuu kwa adapta rahisi, kwa sababu umbali kati ya kifungio na kihisi chao ni mfupi: milimita 18 kwa Sony ya aina ya E, ikilinganishwa na milimita 46.5 kwa Nikon ya tangu mwaka wa 1959.

Mnunuzi asipouzingatia mlingano wa kifungio atajuta. Lenzi za Canon za aina ya FD, ambazo ni nzuri na rahisi, haziwezi kulenga mbali kwenye kamera za Canon EF za kioo cha ndani isipokuwa kwa adapta yenye lenzi ya ziada inayoharibu picha. Lenzi za zamani za mkono za Nikon, zile zilizotoka kiwandani kwa mfumo wa Ai wa mwaka wa 1977 na baadaye, huingia katika kamera ndogo za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000, lakini kamera hizo hazitapima nuru. Mpigapicha atalazimika kukisia, apige, atazame, arekebishe. Kwa mtu mwenye subira, hili si balaa.

Suala la kupima nuru lina uzito wa pekee katika mazingira ya Afrika. Kipimo cha ndani ya kamera hudhani kwamba kila kinachotazamwa kina wastani wa kijivu. Uso mweusi ukijaza picha, kamera hutaka kuung'arisha hadi upauke. Mzee mweusi akivaa kanzu na kofia nyeupe, kamera huiona kanzu, ikapunguza nuru, na uso ukazama. Historia ya upigaji picha haikuwa upande wa ngozi nyeusi pia. Kwa miongo mingi, maabara za rangi zilisawazisha mitambo yake kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizokuja kuitwa kadi za Shirley, kama alivyoonyesha mtafiti Lorna Roth wa Kanada katika kazi yake ya mwaka wa 2009. Kihisi cha kidijitali kimepunguza udhia huo, bali hakijauondoa kwa mtu anayeiachia kamera iamue kila kitu. Flashi ya moja kwa moja huongeza dhambi juu ya dhambi: hutia mng'aro wa jasho kwenye paji la uso na kuvifuta vivuli vinavyoonyesha umbo la shavu. Koroboi iliyo upande mmoja, kwa upande mwingine, huchora uso mweusi kwa ustadi usiopatikana kwa flashi ya juu ya kamera. Kinachohitajika ni lenzi yenye uwezo wa kuipokea nuru hiyo ndogo, na mtu wa kuipima kwenye shavu badala ya kwenye kanzu.

Huenda mwingine akauliza: je, simu? Simu za sasa hupiga picha za usiku kwa kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa mfululizo. Kwa jengo au kwa mtu aliyetulia, matokeo huridhisha. Kwa mtu anayetamba, programu hulazimika kuchagua kati ya mikono kadhaa iliyonaswa mahali tofauti, na mara nyingi huulainisha uso hadi makunyanzi yatoweke. Makunyanzi ya bibi wa miaka themanini ni sehemu ya rekodi. Simu inafaa kwa ramani ya boma na picha ya vifaa vya ngoma. Kwa uso wa fanani usiku, bado.

Kuna tatizo la istilahi linalojitokeza kila yanapozungumzwa mambo haya, na jarida hili ndilo mahali pake. Waingereza huiita lenzi ya tundu pana kwa sifa ya mwendo, kwa kuwa huruhusu shata ifanye haraka. Wapigapicha wengi wa Kiswahili wamelifuata umbo hilo na kusema lenzi yenye kasi, hali ambayo humfanya msikilizaji adhani lenzi inakimbia. Lenzi haikimbii. Sifa yake ni upana, na Kiswahili kina neno la upana. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 2017, alionyesha kwa neno runinga kuwa kitu kigeni kinaweza kupewa jina kutoka ndani ya lugha. Si lazima kila pendekezo lishike, ila ni lazima mtu aanze kwa kukitazama kitu chenyewe kabla ya kulitazama jina lake la Kiingereza. Tundu pana, kulenga, kina cha ukali, pete ya kulengea: maneno haya yote yapo tayari, na mwanafunzi anayeandika sura ya mbinu za utafiti hana kisingizio cha kuyakwepa.

Kwa idara inayokusudia kununua, pendekezo ni hili. Inunuliwe lenzi moja ya milimita 50, f/1.4 au f/1.8, kwa kila kamera yenye kihisi kidogo. Tofauti ya nuru kati ya hizo mbili si hata mara mbili, na f/1.8 ni nyepesi na rahisi zaidi. Lenzi nyingi kuukuu za f/1.4 huwa na utando wa ukungu katika tundu lao pana kabisa na hukaza zikifika f/2. Kabla ya kulipa, lenzi imulikwe tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo ni kuvu, ugonjwa unaopendwa na hewa ya Mombasa na Lamu, na lenzi yenye kuvu isinunuliwe hata ikiwa ya bure. Vipande vinavyofinya tundu vitazamwe kama vimelowa mafuta au vinakwama. Pete izungushwe mwisho hadi mwisho. Iwe nzito kiasi, isilegee wala isikwaruze. Mikwaruzo midogo kwenye kioo cha mbele haina madhara makubwa, na aghalabu huteremsha bei.

Limebaki suala ambalo mfano wa McCurry uliahirishwa kwa ajili yake. Msichana yule wa Peshawar alitazamwa na dunia nzima kwa takriban miaka kumi na saba kabla ya dunia kujua anaitwa Sharbat Gula. Jina lake lilipatikana mwaka wa 2002, alipotafutwa upya. Picha ilikuwa kali katika kila unyusi, na chini yake hapakuwa na jina. Viambatisho vya tasnifu za Kiswahili vimejaa kasoro ya namna hiyo: "mtambaji wa kike, umri wa makamo". Mtu huyo ametoa ngano kumi na nne, na yamkini ndiye mtunzi wa nusu yake. Lenzi bora humleta karibu zaidi na kuifanya kasoro hiyo iwe wazi zaidi, kwani uso unaotambulika kijiji kizima hauwezi tena kusitiriwa kwa maneno hayo. Fanani aulizwe kwanza kama anaridhia kupigwa picha na kama anaridhia jina lake liandikwe; akikataa picha, kamera ifungwe na kinasa sauti kiendelee. Akiridhia, jina lake kamili liandikwe chini ya picha pamoja na kijiji, tarehe na aina ya taa iliyokuwa ikiwaka. Nakala moja iliyochapishwa kwenye karatasi ipelekwe kwake kabla ya ile ya kwenye tasnifu kupelekwa kwa mtahini, ili naye apate kusema kama huyo aliyemo pichani ndiye.